Kama Ali Pasha wa Ioannina Angalishinda

Wengi wetu tuliosoma habari za Wayunani shuleni tulisoma habari za kale tu: vita vyao na Waajemi, hekima ya wanafalsafa wao, na safari za Iskandari. Kisha kitabu kikafungwa. Hatukuambiwa ya kwamba nchi ile ile, ambayo wengine huiita Ugiriki, ilikaa chini ya Sultani wa Stambuli karibu miaka mia nne, wala ya kwamba dola ya Wayunani ya zama hizi haikukubaliwa kuwa huru mpaka mwaka wa 1830. Leo twataka kuwasimulia wasikilizaji wetu habari za mtu mmoja, Mwislamu, Mwalbania kwa kabila, ambaye miaka kumi kabla ya hapo alikaribia kuwa mtawala wa nchi huru ya Kiyunani. Hakufika. Nasi tutathubutu kuuliza: ingalikuwaje kama angalifika?

Wako wanachuoni wanaolicheka swali la namna hii. Husema kwamba historia ni habari za yaliyokuwa, na kwamba yasiyokuwa ni kazi ya wapiga hadithi. Maneno hayo yana haki yake. Walakini sisi twaona kwamba mtu hawezi kupima uzito wa jambo lililotokea asipofikiri ni lipi jingine lililoweza kutokea mahali pake. Mkulima asemaye, "Kama tungalipanda mapema, mtama ungalikomaa," hapigi hadithi, anajifunza.

Kwanza yapasa kuijua hali ya nchi. Siku hizo, tangu rasi ya Morea upande wa kusini mpaka milima ya Albania upande wa kaskazini, nchi yote ilikuwa mali ya Dola ya Uturuki. Watu hawakuulizwa kabila lao. Waliulizwa dini yao. Aliyekuwa Mwislamu alihesabiwa pamoja na Waislamu, hata kama hakujua neno moja la Kituruki. Na aliyekuwa Mkristo wa Kanisa la Kiorthodoksi alihesabiwa katika taifa moja na Wakristo wenziwe, hata kama nyumbani kwake hawakusema Kiyunani. Mabaharia mashuhuri wa kisiwa cha Hydra walikuwa Wakristo, na lugha yao ilikuwa Kialbania. Waislamu wa mji wa Ioannina nao walisema Kiyunani na wake zao na watoto wao. Msomaji na alishike sana jambo hili, maana tutalirudia.

Ali alizaliwa karibu na mwaka wa 1740 katika nchi ya Tepelena, penye milima mirefu na mto uendao mbio. Baba yake, Veli, alikufa mwanawe angali mdogo, na jamaa za watu wengine wakawanyang'anya mali. Mama yake, jina lake Hanko, hakuwa mwanamke wa kukaa akilia. Alishika silaha mwenyewe, akawaongoza watu wa ukoo wake vitani, akamlea mtoto katika kumbukumbu ya kila deni la damu. Watu wa Gardiki walimteka yeye na binti yake wakawatenda mabaya, na Ali aliambiwa asisahau. Hakusahau.

Alianza maisha yake kuwa mnyang'anyi wa milimani. Wala jambo hili lisitushangaze, kwa kuwa Sultani alikuwa na desturi yake: mnyang'anyi hodari aliyeshindikana kukamatwa alipewa kazi ya kuwakamata wanyang'anyi wenziwe. Ndivyo Ali alivyopata kuwa mlinzi wa njia za milimani, kazi iliyompa askari, mshahara na masikio kila mahali. Katika mwaka wa 1788 alijipatia mji wa Ioannina, na tangu hapo akaitwa Pasha wa Ioannina. Polepole mkono wake ukaenea: Epirus yote, Thessaly, kusini ya Albania, hata sehemu kubwa ya Uyunani wa kati. Mwanawe Veli akatawala Morea tangu 1807 mpaka 1812. Kodi ilifika Stambuli, zawadi zilifika kwa mawaziri, na Sultani akanyamaza.

Sasa tuutazame utawala huo ulivyokuwa, maana ndiyo kiini cha maneno yetu. Lugha ya ofisi ya Ali Pasha haikuwa Kituruki wala Kialbania, bali Kiyunani. Katika maktaba ya Gennadius mjini Athens zimehifadhiwa barua na hati zake zaidi ya elfu moja: amri kwa makapteni, malalamiko ya wanakijiji, hesabu za kondoo, vitisho kwa maadui, na karibu zote zimeandikwa kwa Kiyunani cha kawaida kisemwacho na watu. Mwalbania Mwislamu mmoja, Haji Shehreti, alipotaka kumsifu Pasha wake kwa utenzi mrefu wa maelfu ya mistari, alitunga kwa Kiyunani. Sisi watu wa tenzi twalifahamu jambo hili upesi kuliko wengine: mtunzi huchagua lugha ambayo wasikilizaji wake wataishika.

Makarani wake wakuu walikuwa Wayunani. Tabibu wa mwanawe Muhtar alikuwa Ioannis Kolettis, kijana Mkristo aliyesoma Italia. Mji wa Ioannina ulikuwa na shule za Kiyunani zilizosifika kupita nyingi nyingine, na mwalimu Athanasios Psalidas alifundisha huko miaka mingi bila kuzuiliwa. Pasha alimwoa Vasiliki, msichana Mkristo, akamwacha ashike dini yake na picha zake takatifu ndani ya nyumba ya Mwislamu. Aliamuru hata yajengwe makao ya watawa kwa kumkumbuka Kosmas, mhubiri aliyenyongwa mwaka wa 1779, ambaye yasemekana aliwahi kumtabiria ukuu. Wasafiri wa Ulaya waliopita katika nchi yake waliandika kwamba njia zilikuwa salama. Mnyang'anyi mmoja tu aliruhusiwa, naye alikaa katika jumba la kifalme.

Tusiseme mema tu. Mwaka wa 1801 aliwatosa ziwani wanawake wa mjini, na mmojawapo ni Frosini, aliyesemwa kuwa hawara wa Muhtar. Nyimbo za kumlilia zilidumu muda mrefu kuliko ngome za Pasha. Wakristo wa milima ya Souli, watu wasiokubali kodi ya mtu, aliwapiga vita miaka mingi mpaka wakatoka katika Desemba 1803 kwa mapatano. Mapatano hayo askari wake waliyavunja. Kundi la wanawake wa Souli, walipozingirwa juu ya jabali la Zalongo, waliwarusha watoto wao chini kisha wakajirusha wenyewe. Na katika mwaka wa 1812, zaidi ya miaka arobaini baada ya aibu ya mama yake, aliwakusanya wanaume wa Gardiki wapatao mia saba na zaidi, akawaua wote. Hao wa Gardiki walikuwa Waislamu. Kwa hiyo mtu asije akadhani kwamba ukatili wake ulikuwa wa dini. Ulikuwa wa daftari, kila deni na siku yake.

Bwana mmoja wa Kiingereza, Lord Byron, mshairi ambaye wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, alimtembelea mwaka wa 1809 huko Tepelena. Alimkuta mzee mfupi mnene, mwenye ndevu nyeupe na macho ya upole, akampokea kwa ukarimu mwingi, akamsifu kwa masikio yake madogo na mikono yake myeupe, akisema ni dalili za uungwana. Byron alimwandikia mama yake habari hizo kwa furaha, lakini aliongeza kwamba mwenyeji wake ni jabari asiye na huruma. Mataifa makubwa yalimfahamu vivyo hivyo. Wafaransa waliweka balozi wao Ioannina, Waingereza wakaweka wao, kila mmoja akijaribu kumvuta upande wake. Alichukua mizinga ya mmoja na ahadi za mwingine. Mwaka wa 1819 Waingereza wakamwachia Parga, mji wa bandari wa Wakristo, kwa malipo ya pauni 150,000 waliyopewa wenyeji. Watu wa Parga hawakukubali kukaa chini yake. Walifukua mifupa ya wazee wao, wakaichoma moto isije ikakanyagwa, wakapanda mashua kwenda Corfu.

Mwaka uliofuata ndio mwaka wa kosa lake. Sultani Mahmud wa Pili, aliyetawala tangu 1808, alikwisha azimia kuwavunja magavana wote waliojifanya wafalme. Alingojea sababu. Ali alimpa. Ismail Pasho Bey, aliyekuwa mtumishi wake kisha akawa adui yake, alikimbilia Stambuli akapewa cheo mlangoni pa Sultani. Ali akatuma watu wamwue papo hapo katika mji mkuu. Risasi zikakosa. Wauaji wakakamatwa, wakaeleza ni nani aliyewatuma. Basi Ali akatangazwa kuwa mwasi, na Ismail yule yule akapewa cheo chake cha Pasha wa Ioannina na jeshi la kukitwaa.

Hapo mzee huyu, mwenye umri wa miaka themanini hivi, alifanya jambo ambalo hakuna Pasha mwingine wa nchi hizo aliyelifanya. Alikusanya wakuu wa Wayunani na Waalbania, Wakristo na Waislamu, akawaomba wasimame pamoja naye juu ya Sultani. Alianza kusema habari za katiba, neno ambalo kabla ya hapo halikupata kutoka kinywani mwake. Kulikuwa na watu waliokuwa tayari kumsikiliza. Tangu 1814 wafanya biashara wa Kiyunani katika mji wa Odessa walikuwa na chama cha siri, Filiki Eteria, maana yake Chama cha Marafiki, kilichotayarisha maasi. Wafuasi wa chama hiki walikuwamo ndani ya jumba la Ali mwenyewe, miongoni mwa makarani wake na matabibu. Makapteni ambao baadaye wakawa mashujaa wa Uyunani, kama Odysseas Androutsos na Georgios Karaiskakis, walijifunza vita katika jeshi la Pasha. Walikula chakula chake, wakazipima nguvu zake.

Wala fikira ya Wakristo na Waislamu kuasi pamoja haikuwa ngeni. Katika mwaka wa 1797 Rigas wa Velestino aliandika katiba ya jamhuri ambayo ndani yake Myunani, Mwalbania, Mvlaki, Mwarmenia na Mturuki wangalikuwa raia sawasawa. Hata Pasha mwasi wa Vidin, Osman Pazvantoglu, Rigas alimwita ajiunge. Waturuki walimwua Rigas mjini Belgrade mwaka wa 1798. Maandiko yake yalibaki yakisomwa kwa siri.

Vita vilipoanza mambo yalimharibikia Ali upesi. Omer Vrioni, jemadari wake, alihamia upande wa Sultani. Jeshi la Stambuli lilipokaribia katika Agosti 1820, Pasha aliuchoma moto mji wake mwenyewe ili adui asipate mahali pa kulala, akajifungia ngomeni kando ya ziwa. Kisha likaja pigo kubwa kuliko yote: wanawe. Veli alikuwa ameshika bandari ya Preveza, na Muhtar alikuwa Berat. Waliahidiwa vyeo, wakajitoa kwa adui. Baba yao, yasemwa, aliposikia hakulia. Alisema tu kwamba tangu zamani hakuwadhania kuwa wanaume. Baadaye Sultani aliwaua wote wawili.

Pamoja na hayo hakushindwa mara moja. Watu wa Souli, wale wale waliofukuzwa, waliahidiwa na Sultani kurudishiwa milima yao, wakaona wanadanganywa. Ali akawarudishia yeye, na mwanzo wa mwaka wa 1821 wakapigana upande wake. Sultani akamwondoa Ismail, akamleta Hurshid Pasha, mtawala wa Morea, aliyeacha nyumba yake Tripolitsa akaja na askari wake kaskazini. Morea ikabaki karibu tupu. Katika mwezi wa Machi 1821 Wayunani wa Morea wakaasi. Hatuthubutu kusema kwamba wasingaliasi kama Ali hakuwako. Lakini mzee aliyezingirwa ndani ya ngome yake aliwafungulia mlango.

Mwisho wake ulikuja Januari 1822. Alibakiwa na askari wachache na ghala ya baruti, na mtumishi wake Selim amekaa juu ya mapipa, utambi unaowaka mkononi, tayari kulipua ngome na hazina yote. Hurshid akamwahidi msamaha wa Sultani, akamshawishi avuke kwenda katika kisiwa kilichomo ziwani angojee hati huko, katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Panteleimon. Husimuliwa kwamba alitoa alama ya siri, na Selim alipoiona akauzima utambi. Walipokuja wajumbe hawakuleta msamaha. Pasha akapigana chumbani, na askari wa chini wakapiga risasi kwa kupitia sakafu ya mbao. Kichwa chake kikapelekwa Stambuli.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tufikiri kwamba Veli angaliishika Preveza. Bandari ile ingalikuwa mlango wa Ali kwa Corfu na visiwa vile vilivyolindwa na Waingereza tangu 1815. Nafaka, risasi na fedha zingalipita. Tufikiri tena kwamba jeshi la Hurshid lingalichoka mbele ya ngome majira ya masika ya 1821, nyuma yake Morea inawaka, na watu wa Souli wanakata njia zake. Haya si mambo ya ajabu. Kila moja lilikuwa karibu kutokea. Sultani angalifanya alivyofanya mahali pengine aliposhindwa kumwondoa Pasha mwenye nguvu: angalimpa hati ya kutawala yeye na watoto wake, akipokea kodi ya heshima, na baada ya miaka kadhaa hata kodi hiyo ingalisahauliwa.

Tunao mfano ulio wazi. Katika mji wa Kavala, ambao leo umo ndani ya Uyunani, alizaliwa mwaka wa 1769 mtoto mwingine wa ukoo wa Kialbania, Muhammad Ali. Alikwenda Misri na askari wa Sultani, akaitwaa nchi mwaka wa 1805, na mwaka wa 1841 akapewa urithi wake. Nyumba yake ilitawala Misri mpaka 1953. Mjukuu wake, Khedivi Ismail, alituma manowari mpaka Barawa na Kismayu mwaka wa 1875, katika pwani ya Sayyid Barghash wa Unguja, kabla ya kulazimishwa kuziondoa. Kwa hiyo nguvu ya jamaa moja iliyotoka katika mji mdogo wa bahari ya Aegean iligusa mpaka pwani ya Waswahili. Ikiwa mwana wa Kavala aliweza kufanya hivyo katika nchi ya wageni, ambako lugha ya watu hakuijua, mwana wa Tepelena, mwenye lugha ya watu wake ulimini, hakukosa njia.

Dola hiyo ingalikuwa ya namna gani? Mji mkuu ungalikuwa Ioannina, wala si Athens, ambao siku hizo ulikuwa mji mdogo tu. Hati za serikali zingaliandikwa Kiyunani. Jeshi lingalikuwa la Waalbania wa dini zote mbili. Misikiti na makanisa yangalitazamana katika njia moja, kama yalivyotazamana tayari. Mawaziri wangalikuwa watu kama Kolettis. Naye huyo, Pasha alipokufa, alipata kuwa waziri mkuu wa Uyunani kweli, chini ya mfalme mwingine. Si kusema ingalikuwa nchi ya haki. Ingalikuwa nchi ya bwana mmoja na mashamba yake, na katiba aliyoitaja mwaka wa 1820 twadhani ingaliwekwa sandukuni siku adui alipoondoka.

Hapo ndipo penye tatizo la kwanza, nalo ni la imani. Hatusemi imani ya dini bali ya neno la mtu. Wayunani walimjua Ali mno. Mtu wa Souli aliweza kupigana upande wake kwa miezi michache, maana haja yao ilikuwa moja. Lakini kumwamini atawale watoto wake, wakati Zalongo ingali mbele ya macho yake? Mtu wa Parga, mwenye majivu ya babu zake katika mfuko huko Corfu, angalirudi? Pasha angalihitaji kuonyesha kwa miaka mingi kwamba amebadilika, naye miaka hiyo hakuwa nayo. Kijana wa miaka arobaini angaliweza kuanza upya. Mzee wa themanini huwa na hesabu zake zimekwisha andikwa.

Tatizo la pili ni warithi. Muhammad Ali wa Misri alikuwa na Ibrahim, jemadari aliyeweza kushinda hata majeshi ya Sultani. Huyu Ibrahim ndiye aliyepelekwa Morea mwaka wa 1825 kuwapiga Wayunani, mpaka meli zake zilipozamishwa Navarino na Waingereza, Wafaransa na Warusi tarehe 20 Oktoba 1827. Ali wa Ioannina alikuwa na Veli na Muhtar, waliouza ngome kwa ahadi. Twaamini kwamba kama angalishinda mwaka wa 1821, dola yake ingalivunjika kaburini kwake, ila kama wakuu wa Kiyunani na wa Kialbania wangalikuwa wamepata faida katika kuishika. Wangaliipata? Wenye mashamba na biashara, labda. Wachungaji na wakulima waliolipa kodi zake, hatudhani.

Na fedha je? Wayunani walioasi walipata mikopo London, pauni 800,000 mwaka wa 1824 na pauni 2,000,000 mwaka wa 1825, ingawa kiasi kilichofika mikononi mwao kilikuwa kidogo kuliko kilichoandikwa. Waliotoa fedha walivutwa, pamoja na tamaa ya faida, na jina la Wayunani wa kale. Byron alikwenda Missolonghi akafa huko Aprili 1824 kwa ajili ya jina hilo. Nani katika London angalifungua mfuko kwa ajili ya Pasha mwenye kilemba? Ali angalitegemea hazina yake tu, iliyokuwa kubwa, na ukarimu wa Waingereza, uliokuwa na bei. Urusi isingalikubali kabisa, kwa sababu ilijihesabu kuwa mlinzi wa Wakristo wa Kiorthodoksi.

Wengine watasema kwamba dini peke yake ingalitosha kulizuia jambo hili. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Wayunani walipopata uhuru, mataifa makubwa yaliwapelekea Otto, kijana wa Kibavaria wa miaka kumi na saba, Mkatoliki, asiyejua lugha yao, naye akaingia Nafplio mwaka wa 1833. Hawakumpenda, walakini walimvumilia miaka karibu thelathini mpaka walipomfukuza mwaka wa 1862. Katiba ya mwaka wa 1844 ilisema wazi kwamba atakayemfuata lazima awe wa Kanisa lao. Kwa hiyo waliweza kumkubali mtawala wa kanisa jingine kwa muda. Twakubali kwamba Mkatoliki na Mwislamu si sawa mbele ya watu wale, hasa baada ya damu ya mwaka wa 1821.

Na damu hiyo ndiyo inayotufanya tulitazame swali hili si kama mchezo wa fikira. Tripolitsa ilipotekwa katika vuli ya mwaka wa 1821, maelfu ya Waislamu na Wayahudi waliuawa, wanawake na watoto pamoja. Mjini Stambuli Patriaki wa Wayunani, Gregorios wa Tano, alikuwa amekwisha nyongwa siku ya Pasaka. Katika kisiwa cha Chios mwaka wa 1822 Wakristo kwa maelfu mengi waliuawa au kuuzwa utumwani. Baada ya mambo hayo hakuna mtu aliyeweza tena kumwambia Mwislamu wa Morea, "Wewe pia ni wa hapa," wala hakukuwa na Mwislamu wa Morea wa kuambiwa. Epirus ilibaki nje ya dola mpya. Mji wa Ioannina haukuingia katika Uyunani mpaka mwaka wa 1913, katika vita vya Balkani.

Hatimaye, katika mkataba wa mwaka wa 1923, Uyunani na Uturuki zilibadilishana watu. Wakristo zaidi ya milioni moja walihesabiwa kuwa wametoka Uturuki, na Waislamu kama laki tatu na nusu au nne walitolewa Uyunani. Kipimo kilikuwa dini, si lugha. Waislamu wa Krete waliosema Kiyunani tu walishushwa katika bandari za Kituruki wasikoweza kuomba maji ya kunywa. Wakristo wa Anatolia waliosema Kituruki tu walishushwa Piraeus. Waislamu wa Ioannina wenye kusema Kiyunani, wajukuu wa wale walioketi barazani pa Ali Pasha, wengi wao walikuwamo katika safari hiyo. Je, dola ya Pasha ingaliwaokoa? Kama ingalidumu, huenda neno "Myunani" lingalikuwa na maana pana zaidi, mtu asemaye Kiyunani, aende msikitini au kanisani. Tumekwisha kusema kwamba hatuamini ingalidumu. Lakini mwaka wa 1820 wako watu wenye akili, wa dini mbili, walioketi chumba kimoja wakalifikiri jambo hilo, na mlango wa chumba hicho ulifungwa na makosa ya wenyewe, si na amri ya mbingu.

Kiwiliwili cha Ali kilizikwa ngomeni Ioannina, karibu na msikiti wa Fethiye, na kaburi lake liko hata leo. Huko kisiwani wageni huvuka kwa mashua ndogo, wakaingia katika ile nyumba ya watawa, ambayo siku hizi ni nyumba ya makumbusho. Msimamizi huwaonyesha chumba cha juu na mbao za sakafu, na matundu ya risasi yaliyomo, na wageni, wengi wao Wayunani waliokuja na watoto wao, huinama mmoja mmoja wakachungulia chini.